Furu wa Mweru: Mzigo hai wenye masharti yake

NCHELENGE, Zambia

Mfanyabiashara anayefika Nchelenge au Kashikishi, upande wa Zambia wa Ziwa Mweru, hutafuta samaki wa kula: pale, ndugu wa perege, na chisense, dagaa wa huku. Furu wadogo wenye rangi hawamshughulishi. Lakini jamaa zao wa maziwa jirani huuzwa mmoja mmoja, wakiwa hai, kwa wafugaji wa samaki wa mapambo duniani.

Mbuna wa Ziwa Nyasa walianza kusafirishwa nje miaka ya 1960. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Mbelgiji Pierre Brichard alianza kuuza nje samaki wa Tanganyika kutoka Burundi. Hadi leo Kigoma na Mpulungu ni majina yanayojulikana kwa wafugaji wa Ujerumani na Marekani.

Mweru nayo ina utajiri wake. Mwaka 2023 jarida la Science lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba ziwa hili, lenye umri wa takriban miaka milioni moja, lina makumi ya aina za furu ambazo hazikuwa zimeelezwa kisayansi. Samaki wa bonde la Kongo na wa Zambezi walikutana hapa, wakachanganya damu, na kizazi chao kikagawanyika haraka kuwa aina mpya.

Kubadili tangi

Mteja mwenye samaki wa dhahabu nyumbani asiuziwe furu wa kuwachanganya nao. Dume la furu hulinda eneo lake, hupigana na huchimba mchanga hadi kung'oa mimea. Tangi lake linataka mawe mengi ya kujifichia, majike wengi kuliko madume, na nafasi. Jike huatamia mayai mdomoni kwa wiki mbili au tatu bila kula, akisumbuliwa huyatema.

Maji nayo yana asili. Ya Tanganyika ni magumu, pH yake inakaribia 9. Ya Mweru hayafikii hapo. Muuzaji asiyejua samaki wake ametoka ziwa gani humuuzia mteja hasara.

Kwa safari, samaki hawalishwi siku moja au mbili ili wasichafue maji. Huwekwa kwenye mfuko wa plastiki wenye theluthi moja ya maji na theluthi mbili za oksijeni, madume wagomvi kila mmoja na mfuko wake.

Karatasi na mpaka

Zambia hufunga uvuvi Mweru kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari. Usafirishaji wa samaki hai huanzia Idara ya Uvuvi, si kwa mvuvi. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, Zambia haimo. Tanzania ilitoka COMESA mwaka 2000. Mwavuli unaozikusanya zote tatu ni SADC. Hivyo, utaratibu uliozoea Pweto usidhani ndio wa Tunduma. Ulizia mapema, kwa kuwa samaki hai hasubiri foleni.

Sharti la mwisho halina kibali: samaki wa ziwa moja asimwagwe ziwa jingine. Sangara walipopandikizwa Victoria miaka ya 1950, walikuja kuleta viwanda na fedha za kigeni, lakini walichangia kutoweka kwa aina nyingi za furu wa ziwa lile. Anayechoka na tangi lake ampe mfugaji mwenzake. Furu wa Mweru wakiisha, hakuna ziwa jingine la kwenda kuwanunua.