Kijana, Jifunze Kwanza Ndipo Uendeshe

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya malaria, kuhara, maji safi na chakula bora. Leo tutazungumza juu ya jambo ambalo halina mdudu wala halisambai kwa maji machafu. Hata hivyo linajaza vitanda vya hospitali. Jambo hilo ni ajali za barabarani, hasa ajali za vijana wanaoendesha pikipiki na magari bila ya kufundishwa.

Labda utasema, "Mimi nakaa kijijini. Ajali za Dar es Salaam zinanihusu nini?" Zinakuhusu. Vijana wengi wanaoendesha bodaboda kule Mbagala, Tandika, Tegeta na Bunju wametoka vijijini. Wazazi wameuza korosho, ufuta au ng'ombe ili kijana apate pikipiki. Kijana akivunjika mguu au akiumia kichwa, anarudishwa nyumbani. Wewe ndiwe utakayemwogesha na kumlisha. Tena pikipiki imekwisha, na ng'ombe hayupo.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1 na laki 2 kila mwaka duniani. Kwa watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29, ajali hizo huua wengi kuliko ugonjwa wowote. Kwa hiyo ajali ni jambo la afya, kama malaria ilivyo jambo la afya.

Vijana hujifunzaje?

Tuchukue mfano. Kijana anafika kwa ndugu yake Temeke. Jioni rafiki anampeleka kwenye uwanja wa mpira. Anamwonyesha jinsi ya kuwasha pikipiki, kuingiza gia na kushika breki. Baada ya siku tatu kijana anaweza kuzunguka uwanja. Siku ya nne mwenye pikipiki amechoka. Anampa kijana pikipiki afanye deiwaka, yaani afanye kazi kwa siku hiyo tu. Kijana anaingia Barabara ya Kilwa saa 1 ya usiku, akiwa na abiria nyuma.

Kijana huyo anajua kuipeleka pikipiki, lakini hajui kuendesha. Uwanjani hakuna lori, mtoto anayevuka wala taa za barabarani. Hakuna aliyemweleza maana ya alama, au nani apite kwanza kwenye njia panda. Hakuna aliyemwonyesha kwamba dereva wa lori hawezi kumwona mtu aliye karibu sana ubavuni mwake.

Mwendo na breki

Dereva akienda mwendo wa kilomita 50 kwa saa, anapita karibu mita 14 kwa sekunde 1. Mtoto akitokea ghafla, dereva huchukua kama sekunde 1 kuona, kufikiri na kushika breki. Katika sekunde hiyo amekwisha kupita mita 14, na breki bado haijaanza kufanya kazi. Kisha chombo huhitaji mita nyingine nyingi mpaka kisimame. Mvua ikinyesha, au tairi likiwa limelika, huhitaji nyingi zaidi.

Mwendo ukiongezeka mara 2, nafasi inayohitajika kwa breki huongezeka mara 4. Mtu hawezi kuliona jambo hili kwa macho. Ni lazima afundishwe. Ndiyo sababu kijana hodari mwenye macho makali anaweza kugonga mahali ambapo mzee aliyefundishwa angesimama.

Kichwa kikigonga lami

Ubongo ni laini sana. Umefungwa ndani ya fuvu gumu. Kichwa kikigonga lami, ubongo hugonga fuvu kwa ndani. Damu inaweza kuvuja humo ndani. Haina pa kutokea, kwa hiyo inaubana ubongo. Pengine aliyeumia huinuka na kusema, "Mimi mzima." Saa chache baadaye anatapika, anasinzia, anazimia. Kwa hiyo, mtu yeyote aliyegonga kichwa kwa nguvu apelekwe hospitali, hata kama anazungumza vizuri.

Mfupa uliovunjika huweza kuunga. Ubongo ulioharibika hauoti upya. Kijana anaweza kupona jeraha lakini akasahau majina ya watu wa nyumbani kwake. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996, hutibu mifupa, uti wa mgongo na ubongo. Madaktari wake wanawajua vizuri majeruhi wa bodaboda.

Kofia ngumu huchukua sehemu ya pigo kabla halijafika kwenye fuvu. Uchunguzi uliofanywa katika nchi mbalimbali umeonyesha kwamba huzuia karibu majeraha 7 ya kichwa katika kila 10. Lakini ni lazima ifungwe kidevuni. Kofia isiyofungwa huruka kabla ya kichwa kufika chini. Kofia iliyotundikwa kwenye usukani inalinda usukani.

Njia iliyo sawa

Nchi yetu ina Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Mtu asiyetimiza miaka 18 haruhusiwi kuendesha gari. Anayetaka leseni hufuata hatua hizi:

1. Anasoma katika shule ya udereva inayotambuliwa.
2. Anapata leseni ya kujifunzia, na anaendesha akiwa na mwalimu.
3. Anapimwa na polisi wa usalama barabarani.
4. Akifaulu, anapata leseni kutoka Mamlaka ya Mapato.

VETA ina vyuo mikoani, na vingi hufundisha udereva. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kiko Mabibo, Dar es Salaam. Mzazi, unapohesabu bei ya pikipiki, hesabu pia ada ya mafunzo, leseni, bima na kofia mbili. Kama fedha hazitoshi vyote, ngoja msimu mwingine. Pikipiki itasubiri dukani.

Kununua leseni kwa mlango wa nyuma ni kujidanganya. Karatasi hiyo inaweza kumdanganya askari, lakini haiwezi kulidanganya lori.

Ajali ikitokea

Kwanza simamisha magari mengine, ili watu wengine wasigongwe. Piga simu 112. Usimvute majeruhi mkono au mguu, maana huenda shingo au mgongo umevunjika. Usimvue kofia kwa nguvu. Damu ikitoka, bana jeraha kwa kitambaa safi. Usimpe maji wala chakula.

Mwaka huohuo wa 1973, watu wengi walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio na kujadili masomo ya Mtu ni Afya. Walichimba vyoo, wakafyeka vichaka. Hawakungoja ugonjwa uingie nyumbani. Ajali nayo huzuiwa kabla, na kinga yake ya kwanza ni mafunzo.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika kijiji chetu, ni vijana wangapi wanaoendesha pikipiki? Wangapi wana leseni?
2. Kwa nini mtu aliyegonga kichwa apelekwe hospitali hata kama anazungumza?
3. Wazazi wanaweza kufanya nini ili kijana asafiri kwenda mjini akiwa amekwisha kufundishwa?