Msimamo wa ligi na mchujo: kwa nini Polisi walishuka moja kwa moja, Mbeya City wakapewa nafasi nyingine?

Juzi hapa kafe uliwaka ubishi si mchezo. Mshkaji mmoja alifungua msimamo wa Ligi Kuu wa msimu wa 2022/23 akauliza: "Hivi Polisi Tanzania walishushwa moja kwa moja, mbona Mbeya City nao walikuwa chini huko wakapewa mechi nyingine?" Kila mtu akajibu lake, mwingine akasema ni fitina. Dakika zangu zikaisha bado nabishana, kwa hiyo leo nimekuja na jibu kamili.

Tuanze mwanzo. Ligi ilikuwa na timu 16. Kila timu inacheza na mwenzake mara mbili, nyumbani na ugenini, jumla mechi 30. Kushinda pointi 3, sare 1, kufungwa unaondoka mikono mitupu.

Sasa njoo mkiani. Wa 15 na wa 16 wanashuka bila maelezo. Wa 13 na wa 14 hawajafa bado, wanacheza mchujo wao kwa wao. Mshindi anabaki. Aliyeshindwa anapewa roho ya mwisho: anakutana na timu ya Championship iliyoshinda mchujo wa wa tatu na wa nne huko chini.

Mwaka 2023 walioingia mchujo walikuwa KMC na Mbeya City. KMC wakabaki. Mbeya City wakaenda kukutana na Mashujaa wa Kigoma, wakapigwa, wakashuka na Mashujaa wakapanda. Polisi na Ruvu Shooting walishakuwa nafasi mbili za mwisho. Kwa hiyo jamani hakuna fitina hapo. Kuna mstari kati ya nafasi ya 14 na ya 15, na sisi tulikuwa upande mbaya.

Na mstari huo ulituuma, tusidanganyane. Polisi walipanda 2019, na Uwanja wa Ushirika ukawa unaona Ligi Kuu. Simba wakija, bodaboda, wauza karanga na wauza jezi wote wanapata riziki. Ndiyo maana nasema sare ya kizembe mwezi wa tisa isidharauliwe. Pointi 2 ulizoziacha siku hiyo zina uzito uleule wa zile unazozililia mechi ya mwisho.

Swali la pili: pointi zikilingana je? Hapa ndipo wengi tunachemka, maana kila mashindano yana kanuni yake.

Ligi Kuu 2023/24, Azam na Simba walimaliza na pointi 69 kila mmoja. Kilichoangaliwa ni tofauti ya mabao, yaani uliyofunga ukitoa uliyofungwa. Azam wakawa wa pili, wakaenda Ligi ya Mabingwa Afrika, Simba wakaenda Kombe la Shirikisho. Cha ajabu, mechi zao wenyewe zilikuwa 1-1, halafu Simba wakashinda 3-0! Ingeangaliwa wao kwa wao, Simba angekuwa juu.

CAF ndiyo wanaoanza na hiyo ya wao kwa wao. Msimu huohuo wa 2023/24 Yanga na CR Belouizdad ya Algeria walimaliza makundi na pointi 8 kila mmoja, nyuma ya Al Ahly. Yanga walifungwa 3-0 kule Algeria, lakini Dar wakalipa 4-0. Jumla 4-3, Yanga robo fainali. Lile bao la nne siku ile wengine tulidhani ni sherehe tu, kumbe ndilo lililowaweka mbele.

Huko mbele wanatumia mchujo hata kutafuta bingwa. Hoki ya barafu ya NHL, Marekani na Kanada, msimu wa 2023/24 timu 32 zilicheza mechi 82 kila moja. Kushinda ni pointi 2, na ukifungwa kwenye muda wa nyongeza unapewa 1 ya kifuta jasho. Timu 16 zinaingia mchujo, kila hatua wa kwanza kushinda mechi 4 anasonga mbele. Kwa hiyo unaweza kuongoza msimamo msimu mzima na kombe ukalikosa. Sisi wenye barafu Kibo hoki hatuna, ila hesabu ni zilezile.

Kwa hiyo mdau, kabla hujabishana, uliza mawili: mstari umekatwa nafasi ya ngapi, na pointi zikilingana wanaanza kuangalia nini? Ukijua hayo, msimamo wowote unausoma.

Swali langu kwenu: mkiachiwa kuchagua, tofauti ya mabao au wao kwa wao? Mwageni maoni hapo chini, matusi hapana. Tupo pamoja.