Sikukuu Remera: anayepanga viti kanisani ndiye anayesubiriwa sokoni

KIGALI – Wiki ya Krismasi inapofika, Remera haitulii. Abiria wa Rwamagana, Kayonza na mpaka wa Rusumo wanapita Giporoso na mizigo yao. Wanaokwenda uwanja wa ndege wa Kanombe wanatumia barabara hiyo hiyo. Soko la Kimironko, lililo jirani, linajaa wanunuzi wa mchele, nyama na nguo za watoto. Jioni watu hao hao wanaelekea makanisani: kwa Wakatoliki wa parokia ya Regina Pacis, kwa Waanglikana, kwa Wapentekoste.

Kwa mfanyabiashara, hizo ni siku za mauzo. Kwa kanisa, ni siku za umati. Taabu ni kwamba anayepokea waumini mlangoni, anayepanga viti, anayeimba kwaya na anayehesabu sadaka hajaajiriwa na kanisa. Ni fundi cherehani, dereva, mama mwenye kibanda, kijana wa chuo. Saa ambazo kanisa linamhitaji zaidi ndizo saa ambazo wateja wake nao wanamtafuta.

Hapo ndipo huduma ya sikukuu inapokwama katika makanisa mengi. Wale wachache wanaojulikana kwa kutokataa huitwa kwenye kila ibada: mkesha, asubuhi, mchana, kisha tena Mwaka Mpya. Januari ikifika wamechoka, biashara zao zimeyumba, na baadhi hawarudi tena. Lori likipakiwa kupita uwezo wake litafika safari moja au mbili, lakini la tatu litabaki njiani. Watu nao ni hivyo hivyo.

Mlango una uzito wake

Kuna wanaoiona kazi ya mlangoni kama heshima tu, ya kuvaa vizuri na kutabasamu. Moshi, nchini Tanzania, ilionyesha vinginevyo. Tarehe 1 Februari 2020, katika ibada iliyofanyika uwanja wa Majengo, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakati waumini walipokimbilia kupita juu ya mafuta ya upako. Waliofika pale walikwenda kusali. Lakini watu wengi walielekea mahali pamoja kwa wakati mmoja, na umati ukishaanza kusukumana ni vigumu mno kuuzuia.

Rwanda nayo imekaza masharti ya nyumba za ibada. Mapema mwaka 2018 makanisa zaidi ya 700 yalifungwa Kigali kwa kasoro za majengo, usafi na kelele, na mwaka huo huo ikatungwa sheria mpya ya mashirika ya dini. Mwaka 2024 ukaguzi mwingine ulifunga maelfu ya nyumba za ibada nchini kote.

Hata hivyo, jengo lililopita ukaguzi bado linahitaji watu. Mlango wa dharura uliozibwa na viti vya plastiki vya wageni wa Krismasi hauna tofauti na ukuta. Anayeweza kuona jambo hilo mapema ni mhudumu aliyekabidhiwa mlango ule mmoja, asiyetumwa wakati huo huo kutafuta kipaza sauti au kupokea wageni wa heshima.

Wakati wa korona somo hilo lilifundishwa kwa nguvu. Nyumba za ibada zilifungwa Machi 2020, na zilipoanza kuruhusiwa kufunguliwa Julai, zilipaswa kwanza kutimiza masharti. Wahudumu walipima joto, walisimamia unawaji wa mikono na kukalisha watu kwa kuachiana nafasi. Kwa mara ya kwanza makanisa mengi yalijua idadi kamili ya viti vyao. Hesabu hiyo inafaa hata leo: viti vikijaa, aliyechelewa aelekezwe kwenye ibada inayofuata, asisukumwe ndani asimame njiani.

Hesabu ya zamu

Mfanyabiashara yeyote anaweza kuipiga hesabu hii. Chukua kanisa lenye milango minne na ibada tatu za sikukuu. Kila mlango ukipewa watu wawili, ibada moja inahitaji watu wanane. Watu wanane wakibeba ibada zote tatu, kila mmoja atakuwa amesimama tangu mkesha hadi mchana wa Krismasi. Wakipatikana watu 24, kila mmoja anahudumu mara moja, kisha anasali na familia yake au anarudi kwenye kibanda chake. Ukiongeza sita wa akiba kwa ajili ya wagonjwa na waliokwama safarini, unahitaji majina 30. Kazi ni ile ile, ila mzigo wa kila mmoja umepungua mara tatu.

Majina hayo yatoke wapi? Rwanda ina mazoea mazuri ya kugawana kazi. Umuganda hufanyika Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, na watu huhamasishwa kuanzia ngazi ya chini kabisa, isibo, ambako jirani anamjua jirani. Wakatoliki nao wana imiryangoremezo, yaani jumuiya ndogo ndogo. Jumuiya moja ikikabidhiwa mkesha, nyingine asubuhi na nyingine mchana, kiongozi wa parokia halazimiki kumpigia simu mtu mmoja mmoja usiku wa tarehe 23. Aliyepata dharura anatafutiwa mbadala na wenzake wa jumuiya.

Mfano mkubwa zaidi uko Uganda. Kila mwaka, kwenye hija ya Mashahidi wa Namugongo ya tarehe 3 Juni, jimbo moja la Kanisa Katoliki hupewa zamu ya kuongoza maadhimisho. Umati ni ule ule mkubwa kila mwaka, lakini mzigo wa kuuandalia unahama.

Zamu pekee haitoshi. Kila mlango uwe na kiongozi mmoja anayejulikana, maana wakuu watatu mlangoni huishia kupingana mbele ya wageni. Sadaka ihesabiwe na watu wawili au watatu wasio wa nyumba moja, waandike na kutia saini, hata kwa ile iliyotumwa kwa simu. Utaratibu huo unamlinda anayehesabu kuliko unavyoilinda fedha, kwa sababu fununu ya sikukuu inaweza kumchafulia mtu jina sokoni kwa miaka.

Tena kujitolea kusigeuke kujigharamia. Mhudumu wa mkesha ndiye wa mwisho kuondoka, usiku, wakati moto ni chache na nauli imepanda. Chai, chakula na nauli ya kurudi nyumbani ni gharama ndogo ikilinganishwa na kumpoteza mtu aliyekwisha kuizoea kazi.

Mgeni asiyejua Kinyarwanda

Desemba huwaacha Kigali wafanyabiashara wengi kutoka Kongo, Uganda, Tanzania na Kenya waliochelewa kumaliza mauzo. Tangu 2014, raia wa Rwanda, Uganda na Kenya wanavuka mipaka ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa, na Krismasi huweza kumkuta mtu mbali na kwao bila kupanga. Kiswahili ni lugha rasmi Rwanda tangu 2017, lakini mgeni anayeingia kanisa lililofurika anamhitaji mtu wa kumwambia kwa lugha anayoielewa: kaa huku, choo kiko kule, ibada inaisha saa fulani. Kila zamu ikiwa na mhudumu mmoja anayezungumza Kiswahili, jambo hilo limekwisha. Mara nyingi huyo ni mfanyabiashara wa mpakani mwenyewe.

Pasaka ina uangalifu wake

Baada ya Krismasi inakuja Pasaka, na Rwanda Pasaka si umati tu. Mwaka 1994 Pasaka iliangukia tarehe 3 Aprili, na siku nne baadaye mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza. Remera yenyewe ina Centre Christus, nyumba ya mafungo ya Wajesuiti, ambako watu 17, wakiwemo mapadre, waliuawa tarehe 7 Aprili. Kila mwaka wiki inayoanza siku hiyo ni ya maombolezo ya taifa, na mara nyingine inakutana na Juma Kuu: mwaka 2023 Ijumaa Kuu ilikuwa tarehe 7 Aprili yenyewe.

Mhudumu wa siku kama hizo anahitaji maelekezo ya mapema. Atakutana na mtu anayelia ghafla au anayetetemeka, na atapaswa kumpeleka mahali patulivu bila kumzungushia watu, kisha kumwita mwenye mafunzo ya kumsaidia. Hiyo si kazi ya kumpa kijana aliyefika kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

Upande wa mfanyabiashara

Lawama za zamu kuvunjika haziko kwa viongozi peke yao. Wapo wanaokubali kila ombi kwa aibu, kisha tarehe 24 wako Rusumo wakisubiri mzigo utoke. Mwenye safari aiseme Novemba, orodha inapoandikwa. Anayeweza kutoa saa mbili tu aseme mbili, na apewe kazi ya saa mbili: kupanga viti asubuhi kabla ya soko kufunguliwa, au kufagia ukumbi baada ya ibada ya mwisho.

Sikukuu ikishapita, wahudumu wakutane kabla kumbukumbu hazijapotea: mlango upi ulisongamana, nani hakutokea, nani alibeba zamu ya mwenzake. Aliyesimama Krismasi apumzike Mwaka Mpya. Kisha orodha ya Pasaka ianze kuandikwa, kwa majina mengi zaidi ya yale ya mwaka uliopita.