Je, Wajua? Bakteria wa kipindupindu huhesabiana

Bakteria wa kipindupindu, ugonjwa uliowahi kuutesa mwambao wa Ziwa Victoria, mkoa wa Mara ukiwemo, huwasiliana kwa kemikali kama ndugu zao wa baharini. Kila mmoja humwaga ishara yake ya kemikali kwenye mazingira yake. Ishara zikiwa chache, anajua wenzake hawajafika: hung'ang'ania utumbo wa mtu na kutoa sumu. Zikijaa, wote hugeuka kwa pamoja, huacha kushambulia, hujibandua na kutoka na kinyesi kutafuta mtu mwingine. Ujanja hasa! Ndugu yao, Vibrio fischeri, hung'aa tu wakisongamana, kwa mfano ndani ya ngisi; jambo hilo lilielezwa na watafiti Marekani mwaka 1970. Ili kujikinga na kipindupindu, ukichota maji ziwani Musoma au Bunda, yachemshe yatokote kabla ya kunywa.