Moshi wa Sangara na Hesabu Zake

Mnunuzi mzoefu pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, hunusa sangara wa kubanikwa akajua kama moshi umezidi. Asichoweza kusema ni umezidi kwa kiasi gani. Kazi hiyo inaiweza spektromita ya tungamo. Moshi huingizwa kwenye bomba lake lenye ayoni za H₃O⁺, yaani maji yaliyobeba protoni ya ziada. Molekuli inayoshika protoni kwa nguvu kuliko maji huipokonya, ikapata chaji, ikahesabiwa. Nitrojeni na oksijeni haziiwezi, kwa hiyo hewa yenyewe haileti vurugu.

Hesabu ni fupi: gawanya ishara ya ayoni mpya kwa ishara ya H₃O⁺, kisha gawanya kwa muda wa kukaa bombani na kwa kasi ya mmenyuko. Muda unapimika. Ugumu uko kwenye kasi.

Paul Langevin alionyesha njia mwaka 1905. Ayoni inapokaribia molekuli huvuta elektroni za molekuli hiyo upande mmoja, na mvuto huo huzikutanisha. Kwa benzini (ile ya maabara, si mafuta ya gari) kanuni yake inatoa takriban 1.9 × 10⁻⁹ sentimita za ujazo kwa sekunde, na vipimo vinakubali. Kwa asetoni, ambayo imo kwenye moshi wa kuni, inatoa 1.6, na hapo imekosea. Asetoni ina ncha mbili za kudumu, moja chanya kidogo na nyingine hasi, nazo huongeza mvuto. Mwaka 1982 Su na Chesnavich waliingiza ncha hizo kwenye hesabu. Kwa joto la nyuzi 27 jibu likawa takriban 3.9. Anayetumia namba ya benzini kwa asetoni atatangaza asetoni maradufu ya iliyopo! Tena, umeme wa bombani ukizikimbiza ayoni, kasi ya asetoni hushuka, ya benzini haitikisiki.

Fomaldihaidi ni msumbufu zaidi, hasa kando ya ziwa. Nguvu yake ya kushika protoni ni kilojuli 713 kwa moli, ya maji 691. Tofauti ni ndogo mno, hivyo mvuke ukiwa mwingi maji huirudisha protoni kwao, na kiasi kilekile cha fomaldihaidi husomeka pungufu. Asetoni, yenye 812, haijali.

Kwa hiyo ukiletewa ripoti ya moshi wa kubanikia samaki Mwanza, kabla ya kuisadiki uliza mambo mawili: kasi ipi ilitumika, na hewa ilikuwa na unyevu kiasi gani.