Mwamuzi akisema "nje": jinsi ya kupinga uamuzi katika softiboli ya watoto

Mpira umepigwa, umebiringika, umeokotwa na kutupwa besi ya kwanza. Msichana wa miaka 12 amekimbia mita 18 na zaidi kidogo, vumbi limetimka, na mwamuzi ameinua ngumi: nje! Kando ya uwanja wazazi wamesimama wote kwa pamoja. Mmoja anapaza sauti kwamba mtoto alifika kwanza. Mwingine ana simu mkononi, anasema ana video. Kocha tayari ameshaingia uwanjani.

Mara nyingi huyo aliyeinua ngumi ni mwalimu aliyejitolea Jumamosi yake, au kijana wa shule ya upili aliyejifunza uamuzi juzijuzi. Akitukanwa mechi mbili tatu, ya nne hatakuja. Bila mwamuzi hakuna mechi, na watoto hurudi nyumbani na magongo yao. Hata hivyo, kocha au mzazi anayeona timu imekosewa hajanyimwa haki ya kulalamika. Njia ipo, ila ina utaratibu wake na muda wake ni mfupi sana.

Softiboli bado ni ngeni kwa wakazi wengi, lakini aliyecheza raunda shuleni hatapotea. Kuna mrushaji, kuna mpigaji, kuna vituo vinavyoitwa besi, na anayevizunguka vyote hadi nyumbani huipatia timu pointi. Jambo la kwanza kuelewa ni kwamba maamuzi ya uwanjani ni ya aina mbili, na aina hizo hazipingwi kwa njia moja.

Aina ya kwanza ni ya macho. Je, mrusho ulipita katika eneo la kupigia? Mpira ulianguka ndani ya mstari au nje? Mkimbiaji aliguswa au hakuguswa? Hapa kanuni zinampa mwamuzi neno la mwisho. Hakuna rufaa ya kamati, na hakuna pingamizi la maandishi litakalobadilisha. Anayeketi nyuma ya wavu huona kwa pembeni, na simu pia hunasa kwa pembe yake. Katika besi ya kwanza mwamuzi hufundishwa kutazama mguu kwenye besi huku akisikiliza mlio wa mpira ukiingia kwenye glavu. Mzazi aliye umbali wa mita 30 husikia mlio huo ukiwa umechelewa kidogo. Kwa hiyo watu wawili waaminifu wanaweza kuona mambo mawili tofauti.

Kinachoruhusiwa ni kuuliza. Kocha husubiri mchezo utulie, huomba muda, huenda peke yake na kusema kwa sauti ya kawaida: "Mwamuzi, nadhani glavu ilikukinga usione mpira ulipodondoka. Unaweza kumuuliza mwenzako?" Mwamuzi anaweza kukubali au kukataa. Akikubali, hao wawili hujadiliana kando, na aliyetoa uamuzi ndiye mwenye kuubadilisha. Mwenzake hawezi kuubatilisha kwa kelele kutoka upande wa pili wa uwanja. Kumbuka pia, nafasi ya kupata jibu zuri ni kubwa zaidi kama swali linahusu kitu ambacho mwamuzi wa pili alikuwa na pembe bora ya kukiona. Kumwuliza aliye karibu na besi ya pili kuhusu mrusho uliopita juu au chini ya magoti ya mpigaji ni kupoteza muda wa watoto.

Aina ya pili ni ya kanuni: mwamuzi ameona vizuri kilichotokea, lakini ametumia sheria vibaya. Mfano mzuri ni straiki ya tatu iliyomponyoka mdakaji. Kwa kanuni za kawaida za softiboli, ikiwa besi ya kwanza iko wazi, au ikiwa wachezaji wawili wameshatolewa, mpigaji huyo anaweza kukimbilia besi ya kwanza. Mwamuzi akimzuia na kusema ametoka papo hapo, hilo si suala la macho tena, na linaweza kupingwa. Lakini kuna mashindano ya watoto wadogo yanayoiondoa kanuni hii kwa makusudi ili mchezo uende haraka. Kocha asiyesoma kanuni za mashindano kabla ya mechi ya kwanza atapigania haki ambayo hana.

Pingamizi la aina hii lazima litolewe kabla ya mrusho unaofuata. Mrushaji akishatupa mpira, mlango umefungwa, hata kama kocha alikuwa sahihi kabisa. Kocha humwambia mwamuzi mkuu kwamba anaendelea kucheza chini ya pingamizi, na mwamuzi humjulisha kocha wa upande wa pili pamoja na mwandika matokeo. Papo hapo huandikwa hali ya mchezo: ni ingi ya ngapi, wangapi wametolewa, nani yuko besi gani, hesabu ya straiki na boli za mpigaji, pointi za kila upande, na kanuni inayodaiwa kukiukwa. Kisha mechi huendelea hadi mwisho. Kamati ya mashindano ikikubali kwamba kanuni ilikosewa na kosa liliathiri mechi, mchezo hurudishwa pale ulipoharibikia na kuendelea kutoka hapo. Ndiyo maana rekodi iliyoandikwa ovyo huua pingamizi zuri.

Kuna hali moja inayozua kelele nyingi bila sababu. Mkimbiaji ameruka besi ya pili bila kuikanyaga, uwanja mzima umeona, na mwamuzi amenyamaza. Wazazi hudhani amelala au amehongwa. Hapana. Kanuni inamtaka anyamaze hadi mchezaji wa upande unaolinda adai: "Hakukanyaga besi ya pili." Dai likija kabla ya mrusho unaofuata, na mwamuzi aliona, mkimbiaji hutolewa. Lisipokuja, pointi inabaki. Hivyo basi walinzi wafundishwe kutazama miguu ya wakimbiaji, badala ya kumtegemea mzazi apige kelele.

Suala la umri halifungwi na mrusho unaofuata. Anayeshuku kwamba mchezaji amezidi umri apeleke shaka yake kwa kamati pamoja na kuomba cheti cha kuzaliwa kikaguliwe. Asimwite mtoto mzee mbele ya watu; mrefu wa darasa la sita ni jambo la kawaida kabisa.

Wengine huuliza kama wanaweza kwenda Mahakama ya Migogoro ya Michezo, iliyoundwa chini ya Sheria ya Michezo ya 2013. Mahakama hiyo husikiliza rufaa dhidi ya maamuzi ya mashirika ya kitaifa ya michezo, kama vile ya nidhamu au uteuzi wa timu. Si mahali pa kupeleka straiki ya Jumamosi.

Mwamuzi akitishwa au kupigwa, au mtoto akidhulumiwa na mtu mzima uwanjani, hilo limetoka katika kanuni za mchezo. Mechi isimamishwe, watoto wakusanywe pamoja na walimu wao, na taarifa ipelekwe kituo cha polisi kilicho karibu. Kwa jambo linalomhusu mtoto, simu ya 116 hupigwa bila malipo.