Mwili Unauma, Moyo Hauna Maneno

Katika ukurasa wetu wa afya mwezi huu tutazungumza juu ya jambo lisiloonekana katika picha ya eksirei wala kipimo cha damu, lakini linasumbua familia nyingi. Ni hali ya mgonjwa mwenye maumivu ya muda mrefu ambaye hawezi kueleza yaliyomo moyoni mwake.

MAUMIVU SUGU NI NINI?

Maumivu huitwa sugu yanapodumu au kurudirudi kwa zaidi ya miezi 3. Mifano ni maumivu ya mgongo, baridi yabisi, kipandauso, na miguu kuwaka moto kwa wenye kisukari. Maumivu hayahusu nyama na mifupa peke yake. Sehemu kadhaa za ubongo zinazoshughulika na maumivu ndizo hizo hizo zinazoshughulika na hofu na huzuni. Lugha yetu inalijua hilo tangu zamani: mama anayejifungua ana uchungu, na mfiwa naye ana uchungu.

KUKOSA MANENO YA HISIA

Katika miaka ya 1970, Peter Sifneos, daktari wa magonjwa ya akili huko Boston, Marekani, aliipa hali hii jina la aleksithimia. Ni jina lililoundwa kwa maneno ya Kigiriki, na maana yake ni kukosa maneno ya hisia. Inakadiriwa kwamba katika watu 100, wapatao 10 wana hali hiyo. Miongoni mwa wenye maumivu sugu idadi huwa kubwa zaidi.

Mtu huyu si kwamba hana hisia. Anazo. Moyo unamwenda mbio, tumbo linasokota, shingo inakaza. Lakini ukimwuliza kama ana hofu, hasira au huzuni, atakujibu, "Sijui, naumwa tu."

Chukua mfano wa mama ambaye mgongo humzidia kila mumewe anaporudi nyumbani amelewa. Asubuhi anakwenda zahanati kuomba sindano. Anaeleza mgongo, anatibiwa mgongo. Habari za usiku hazitaji, si kwa sababu anaficha, bali kwa sababu hata yeye hajaona uhusiano wowote. Wanaume nao wamefundishwa tangu utoto kwamba mwanaume halii. Mtoto aliyekatazwa kulia atajifunza wapi jina la huzuni yake?

MADHARA YAKE

Kwanza, mgonjwa huongeza dawa. Diklofenaki na ibuprofeni zikitumiwa muda mrefu bila usimamizi huweza kuleta vidonda vya tumbo, kutokwa damu tumboni na kuharibu figo. Pili, ugonjwa wa sonona unaweza kujificha nyuma ya maumivu usitibiwe. Tatu, watu wa nyumbani huchoka na kusema, "Anajisingizia." Hilo ni kosa kubwa. Maumivu yake ni ya kweli. Kukosa maneno si uongo, si dhambi, wala si upungufu wa imani.

TUFANYE NINI?

1. Mgonjwa apimwe kwanza mwili. Awahi hospitali bila kuchelewa ikiwa maumivu yanaambatana na homa, kukonda, miguu kufa ganzi au kushindwa kuzuia mkojo.

2. Aweke daftari. Kila jioni aandike maumivu kwa alama 0 hadi 10, na mambo yaliyotokea siku hiyo. Asiyejua kuandika asaidiwe na mtoto au jirani anayemwamini. Baada ya wiki chache, daftari hilo alionyeshe kwa daktari au muuguzi.

3. Msimwulize tu, "Unajisikiaje?" Swali hilo kwake ni gumu. Mwulizeni, "Kabla hujazidiwa, kulitokea nini?" Kisha mpeni maneno achague: hofu, hasira, huzuni, aibu, upweke. Msimlazimishe.

4. Aendelee na mazoezi mepesi, kama kutembea, kadiri alivyoshauriwa.

5. Akisema amechoka kuishi, msimwache peke yake. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

6. Aonane na mshauri nasaha, kama yupo. Wapo wagonjwa ambao maumivu yao yamepungua walipojifunza kutambua na kusema hisia zao.

Ndugu wa jumuiya ndogo ndogo, mnapomtembelea mgonjwa, sala ni jambo jema sana. Baada ya sala, kaeni kidogo, mmsikilize. Bwana wetu mwenyewe alilia mbele ya watu kwa ajili ya Lazaro, na kule Getsemane aliwaambia wanafunzi wake wazi kwamba ana huzuni. Nasi tusione haya. Tuwafundishe watoto wetu, wa kike na wa kiume, kusema "naogopa" na "nina huzuni" kama tunavyowafundisha kusema "naumwa tumbo". Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humuumbua. Kuna maradhi yanayofichwa kwa kukosa neno tu.